Salamanda makaburini: je, tunawakosea waliolala?

"Shikamoo Mwalimu. Naishi na familia yangu Watertown, karibu na Boston, Marekani. Binti yangu ana miaka tisa. Rafiki yake amemletea karatasi ya mwaliko: mwezi wa nne kuna matembezi ya jioni ya kutazama salamanda, wanyama wadogo wenye umbo la mjusi lakini wa jamii ya chura, kwenye makaburi ya Mount Auburn, mwezi wa tano matembezi ya alfajiri ya kuangalia ndege, halafu tamasha la muziki katika kanisa dogo la humo humo makaburini. Mtoto anataka yote. Mama mkwe yuko hapa tangu Januari, ametoka Tanga. Alipoona neno muziki na neno makaburi kwenye karatasi moja, akasema mjukuu wake haendi kucheza juu ya maiti za watu, na usiku ndiyo kabisa. Mume wangu kanyamaza. Mimi napita nje ya ukuta ule kila siku, naona miti inavyopendeza, lakini sijawahi kuingia. Nyumbani tulifundishwa kwamba makaburini mtu haendi ila kuzika au kuomba dua. Je, hawa watu wanawakosea adabu wafu wao? Mtoto aende au asiende?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mama mkwe wako salamu zangu, na mwambie kanuni aliyoisema ni sahihi: juu ya maiti hapachezwi. Nimetunza makaburi ya kale kwa miaka mingi, kwanza magofu ya pwani yetu, kisha bustani za makaburi huko ng'ambo, na sijaona mahali penye watunzaji wa maana panapoikana kanuni hiyo. Mnachobishania nyumbani ni kitu kingine. Mahali penyewe ni pa namna gani, kitafanyika nini humo, na miguu ya mtoto itakanyaga wapi.

Pwani makaburi yana jina jingine, maziara, na mama mkwe akiwa mtu wa Tanga analijua. Neno hilo lisikilize vizuri: ziara, kuzuru. Lugha yetu ilikwisha kukubali zamani kwamba kaburini watu huenda. Akikataa, muulize habari za Tongoni, kusini kidogo ya mji wake. Pale pana gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Makaburi ya aina hiyo wazee waliyapamba kwa mabakuli ya Kichina, wakayapachika kwenye chokaa ikiwa bado mbichi. Leo utaona vishimo vya duara tu, bakuli limeng'olewa au limevunjika. Mtu anayepachika bakuli la thamani kwenye kaburi anataka watu wasimame walitazame. Wanafunzi wanaopelekwa Tongoni na walimu wao husimama wakatazama, na sijasikia bibi akilalamika.

Tuje Mount Auburn. Miaka ya 1820 watu wa Boston walizika katikati ya mji, kwenye viwanja vidogo vilivyojaa na katika vyumba vya chini ya makanisa. Mwaka 1825 Jacob Bigelow, daktari aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, aliwaita wenzake nyumbani kwake akawapa wazo la kuzika nje ya mji, penye miti. Wazo lilikaa tu mpaka 1829, kilipoanzishwa chama cha wapenzi wa bustani cha Massachusetts, ambacho kililichukua kama lake. Wakanunua ekari 72 za vilima na msitu, mahali ambapo wanafunzi wa Harvard walikuwa wamezoea kwenda kupunga upepo. Tarehe 24 Septemba 1831 watu waliketi kwenye mteremko wa kibonde ndani ya msitu huo, Joseph Story, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akahutubia, na mahali pakawekwa wakfu. Kikumbuke kibonde hicho, tutakirudia.

Ona nani walianzisha: watu wa bustani pamoja na daktari. Walichora njia za kupindapinda zinazofuata umbo la ardhi, wakazipa majina ya miti na maua, wakapanda miti mingine juu ya ile waliyoikuta. Tangu mwanzo walitaka walio hai waje, watembee, watazame, watulie. Na watu wakaja, wengi mpaka ikabidi kutolewe tiketi na kuandikwe masharti. Siku hizo miji ya Marekani haikuwa na bustani kubwa za umma. Mashindano ya michoro ya Central Park ya New York yalikuja kuamuliwa 1858. Kule Philadelphia, makaburi ya Laurel Hill, ya mtindo huo huo, yalipokea watu karibu 30,000 kati ya Aprili na Desemba 1848. Haiwezekani wote hao walikuwa wafiwa.

Kwa hiyo anayesema Wamarekani wa leo ndio waliogeuza makaburi kuwa mahali pa matembezi amechelewa karibu miaka 200. Lakini lipo kosa la upande wa pili, na hilo naliona zaidi kwa vijana: kwamba pale ni bustani tu, wafu ni wa zamani, ruksa kila kitu. Sivyo. Eneo sasa ni ekari zipatazo 175, wamelala watu karibu 100,000, na mazishi yanaendelea. Unaweza kuwa upande huu na darubini ukitafuta ndege, na upande wa pili wa kilima familia inateremsha jeneza. Ndiyo maana pana masharti mengi kuliko bustani ya kawaida ya mji: mbwa haruhusiwi, pikiniki hakuna, kukimbia mazoezi hakuna. Msomee mama mkwe masharti hayo. Nadhani atashangaa kukuta wenzake.

Sasa hao salamanda, maana mtoto anataka hao kuliko vyote, na ana haki.

Chini ya kile kibonde cha 1831 pana dimbwi la msimu, na madimbwi ya namna hiyo hayakaliki na samaki. Kasoro hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu samaki angekula mayai. Msituni kuzunguka dimbwi anaishi salamanda mweusi mwenye madoa ya njano, urefu wake kama kalamu au kuzidi kidogo, mnene, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Karibu mwaka mzima hayuko juu ya ardhi. Yuko chini, katika mashimo ya panya na chini ya majani yanayooza. Baridi inapoachia, usiku wa kwanza wenye mvua na joto kidogo, Machi au Aprili, wanatoka pamoja na kuteremka polepole hadi majini. Huko hutaga mayai katika tonge la utelezi linalofanana na uji wa wanga ulioganda. Ukilitazama tonge la siku nyingi kwa tochi utaona ukijani. Ni mwani unaoishi ndani ya yai. Unatumia uchafu wa kijusi, nao unakipa oksijeni. Mnyama huyo anaweza kuishi miaka 20, akirudi kwenye dimbwi lile lile.

Utauliza ameponaje katikati ya miji, barabara kila upande. Ameponeshwa na makaburi. Tangu 1831 kibonde kile hakikujengwa nyumba wala hakikulimwa. Majani yameoza yakawa udongo, udongo ukatulia. Mijikenda wangekuelewa kabla hujamaliza sentensi. Misitu ya makaya ya pwani ya Kenya, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imesimama hadi leo kwa sababu hiyo hiyo: wazee wamezikwa humo, mahali ni patakatifu, mti haukatwi ovyo. Mama mkwe wako, kama ana majirani Wadigo, ambao nao ni Mijikenda, halihitaji somo hili kutoka kwangu.

Ndege nao ni hivyo. Mwezi wa tano vindege vidogo vya rangi rangi, vingi uzito wake haufiki wa sarafu mbili tatu, husafiri usiku kutoka kusini kwenda kuzaliana kaskazini. Kunapopambazuka vimechoka, vina njaa, na chini ni mapaa na lami. Kiraka cha kijani kinaonekana kimoja, vinatua hapo. Wakati huo mialoni inatoa maua na viwavi wamejaa kwenye majani machanga, yaani chakula kimetengwa mezani. Hapo wamerekodiwa ndege wa aina zaidi ya 200, na watu wenye darubini wamekuwa wakija tangu enzi za mababu zao. Wanasimama njiani, shingo juu, hawasemi. Nimewahi kuwatania kwamba mikusanyiko yao ni kimya kuliko baadhi ya hitma nilizohudhuria kwetu.

Muziki na sanaa ndipo penye ugumu, na sitaki kupaka sukari.

Sanaa imekuwamo tangu zamani. Mbele ya Kanisa la Bigelow kuna sanamu kubwa ya jiwe, mwili wa simba na kichwa cha mwanamke kwa mtindo wa Misri, iliyochongwa na Martin Milmore na kusimamishwa 1872. Bigelow mwenyewe ndiye aliyeiagiza, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na maandishi yake yanataja kulindwa kwa muungano wa nchi na kuvunjwa kwa utumwa wa Waafrika. Mahali pengine humo kuna sanamu ya marumaru kwenye kaburi la Harriot Hunt, mwanamke aliyetibu watu Boston wakati Harvard ilikuwa ikimkatalia kusomea udaktari. Aliyeichonga ni Edmonia Lewis, msanii mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Mvua na hewa chafu zimeila marumaru yake, kama zilavyo marumaru yote, kwa sababu jiwe hilo huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji yenye asidi.

Miaka ya karibuni watunzaji wameanza pia kukaribisha wasanii wafanye kazi humo kwa muda: mtunga muziki, mpiga picha za video, mwandishi wa tamthilia. Mwaka 2019 zilichezwa tamthilia fupi humo humo nje, watazamaji wakihama kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mmojawapo wa michezo hiyo ulihusu salamanda wa kile kibonde. Hiyo kwangu ni sanaa inayofaa mahali. Imetoka kwa mahali penyewe, imewataja wenyewe waliolala na viumbe wanaoishi nao. Ukiuhamishia mchezo huo ukumbini mjini, hausimami.

Nairobi tunao mfano wetu. Katika City Park, karibu na kaburi la mwanasiasa Pio Gama Pinto aliyeuawa 1965, amezikwa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani na mkusanyaji mkubwa wa sanaa, na bustani ya kumbukumbu yake imewekwa sanamu za wasanii wa Kiafrika. Kima wanaruka juu ya miti, watoto wanatembea, kaburi lipo. Sijaona pana dharau yoyote.

Lakini nimeona dharau kwingine, na sitapataja. Niliitwa kukagua mawe asubuhi baada ya karamu ya kuchangisha fedha katika makaburi ya kale. Viti vilipangwa juu ya makaburi, miguu yake ikazama kwenye nyasi zilizolowa. Na juu ya jiwe dogo la mtoto, marumaru, mtu alikuwa ameegesha bilauri ya divai akaisahau. Divai ina asidi. Nilipoiondoa ilikuwa imeacha duara lililofifia, kama kijisahani, na duara hilo halisuguliki likatoka bila kulipunguza jiwe. Mtoto yule alikufa akiwa na miezi kumi na minne, imeandikwa. Muziki wa usiku ule ulikuwa mzuri, nasikia.

Kwa hiyo mama mkwe hana wazimu. Anaogopa kitu kinachotokea kweli.

Mbona basi watunzaji wanajiingiza huko? Fedha, na si za ulafi. Kaburi huuzwa mara moja, lakini nyasi hukatwa milele. Viwanja vikiisha mapato yanapungua, na miti haiachi kuangusha matawi. Makaburi ya Highgate, London, yaliyofunguliwa 1839, yalifika huko. Kampuni iliyoyamiliki iliishiwa, vichaka vikafunika njia, wahuni wakavunja makaburi, mpaka 1975 lilipoundwa kundi la marafiki wa makaburi hayo kuyaokoa. Siku hizi mgeni analipa kiingilio. Mahali pasipoingiwa na watu wema huingiwa na wengine. Mtu aliyeleta mwanawe kuona salamanda ndiye atakayepiga kelele siku diwani akitaka kupitisha barabara.

Sasa mialiko yako mitatu. Matembezi ya ndege nisingeyafikiria mara mbili. Nendeni, mkae kwenye njia, mvae viatu vya kuloa umande. Mama mkwe naye aende kama anaamka alfajiri, na nina hakika anaamka.

Ya salamanda, mtoto aende akiwa na mtu mzima na mradi yanaongozwa na watunzaji wenyewe. Jioni kwa kawaida malango hufungwa, kwa hiyo asiwepo mtu aliyepenya kwa ujanja wake. Asimguse mnyama. Salamanda huvuta hewa na maji kwa ngozi, na mkono wenye losheni au dawa ya mbu ni sumu kwake. Asitoke njiani hata hatua tatu, kwa sababu wanyama wenyewe wako chini ya majani na atawakanyaga bila kujua. Nyayo nyingi pia hushindilia udongo, na mizizi ya miti, ambayo kwa sehemu kubwa iko karibu na uso wa ardhi, hukosa hewa. Kuhusu usiku na mashetani, sitabishana na bibi mbele ya mjukuu wake, nawe usibishane. Asome anachosoma siku zote mtoto akitoka mlangoni. Hilo halimzuii mtu kwenda.

Tamasha la muziki nakuachia mlango wazi. Kanisa lile hutumika kwa ibada za kuaga watu wa dini mbalimbali, na wasikilizaji huketi ndani, si juu ya makaburi. Kwa upande wa utunzaji sina neno. Ila umetaja dua, nami sijui ninyi ni wa dini gani. Kama ni Waislamu, kuna mafundisho yanayojulikana: kuzuru makaburi kunamkumbusha mtu akhera, na kuketi juu ya kaburi kumekatazwa vikali. Hayo mawili yanaafikiana na niliyosema. Habari ya muziki ni nyingine, mimi si shekhe, na kujifanya shekhe kungekuwa kuwakosea. Muulizeni wa msikiti wenu, mume wako aende mwenyewe, maana kunyamaza kwake kumewaachia wanawake wawili mzigo wa watu watatu. Kama ni Wakristo, padri au mchungaji wenu anajua familia yenu kuliko mimi.

Kabla hujamtuma mtoto popote, jiulize kama amefiwa karibuni, babu, rafiki, hata mwalimu. Mtoto aliyezika ndani ya mwaka anaweza kucheka njia nzima kisha asilale siku tatu. Akiwa hivyo, mpeleke kwanza wewe peke yako, mchana, mzunguke nusu saa tu, umwache aulize. Akianza kukojoa kitandani, kugoma chakula au kung'ang'ania nguo zako, usimalize jambo kwa simu na shangazi. Muone mshauri wa watoto shuleni kwake ana kwa ana.

Na kupe. Hili nalisisitiza, watu wetu wanaotoka pwani hawalijui. Majani na vichaka vya Massachusetts vina kupe wadogo, wengine kama punje ya ufuta, wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Mkirudi, mvue mtoto nguo, mkague nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na ndani ya nywele. Nywele zikiwa zimesukwa, pitisha vidole kwenye kila mstari. Kupe akiwa ameng'ata, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma. Katika wiki nne zinazofuata, ukiona wekundu unaopanuka kwenye ngozi, hata kama hauwashi, au homa na maumivu ya viungo, mpeleke kwa daktari na umwambie mlikuwa wapi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kama alama ya mvilio, daktari asiujue, kwa hiyo taja neno kupe wewe mwenyewe.

Ningekuwa wewe, ningeanza Jumamosi hii mchana, kabla ya mialiko yote, mimi na mama mkwe peke yetu. Ulizeni langoni alipolala Harriet Jacobs. Alizaliwa mtumwa North Carolina 1813, akajificha karibu miaka saba katika upenu wa nyumba ya bibi yake ambamo hakuweza hata kusimama, akatoroka, akaandika maisha yake mwenyewe, akafa 1897. Mama mkwe akitaka kumwombea, amwombee. Kisha mteremke naye hadi kile kibonde, pana ngazi na njia nyembamba, mshike mkono. Maji yatakuwa na barafu kando. Mwonyeshe tu, usimweleze kitu, msikie atasema nini.